Chupa ya Mgeni

Nilikwenda Tanga kumzika rafiki yangu Salehe, nikachelewa. Gari liliharibika Pongwe, tukakaa kando ya barabara tukila machungwa, na nilipofika Usagara watu walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini, wamekaa barazani na uani juu ya mikeka, wakizungumza kwa sauti za chini kama wazungumzavyo watu waliokwisha kulia. Walinipa mahali pazuri karibu na mlango, kwa ajili ya mvi zangu, na kwa kuwa wengi pale walinijua kwa jina ingawa hawakunijua kwa sura. Mwanakombo, binti mkubwa wa Salehe, aliyerithi jina la bibi yake, akaja na sinia ya glasi. Akainama, akasema, "Shikamoo baba, pole na safari, pole na msiba," akanipa maji. Nikanywa. Yalikuwa maji baridi, safi, yasiyo na harufu yoyote. Mzee aliyekaa kando yangu naye akainua glasi yake, na kutoka kwenye glasi ile nikasikia harufu ya ubani. Nikaangalia vizuri: wote walikuwa wakimiminiwa kutoka gudulia la udongo, mimi peke yangu nilikuwa nimemiminiwa kutoka jagi la kioo. Niseme kweli, niliumia. Nimekula na kulala katika nyumba ile, na mtu mzima akifiwa huwa mwepesi wa kuumia kwa mambo madogo. Nilijisemea moyoni: Salehe ameondoka leo, na leo hiyo hiyo mimi nimekuwa mpita njia.

Ya kwetu milimani nayaacha, si mahali pake hapa. Ninachotaka kukumbuka ni ule mwaka wa hamsini na sita, nilipoteremka Tanga na sanduku la bati na barua ya mchungaji, nikapata kazi ya majaribio katika maabara ndogo nyuma ya maghala ya bandarini. Salehe alikuwa pale kabla yangu. Siku ya kwanza aliniuliza nalala wapi, nikamjibu kwamba bado natafuta, akasema, "Unatafuta nini, na mama yupo?" Jioni ile nikawa mbele ya Bi Mwanakombo mkubwa, mama yake, mjane mfupi mwenye sauti nene, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa kama anayenunua mbuzi. Nikamwamkia. "Marahaba. Weye ndiye Zakaria? Mbona mwembamba hivyo, huko milimani hamli?" Kisha akanipeleka kwenye chumba changu.

Kilikuwa chumba karibu na mlango wa uani, chenye kitanda cha kamba, ndoano ya kutundikia shati, na dirisha dogo lenye nondo za mti. Kuta za vyumba katika nyumba ile hazikufika paani. Zilikomea juu kidogo ya kichwa cha mtu, na pale juu upepo ulipita kutoka chumba hadi chumba, na maneno nayo yakapita. Mtu akigeuka kitandani huku, chumba cha pili kinajua. Mimi niliyezoea nyumba za milimani zilizofungwa kwa ajili ya baridi nilichukua muda kuzoea kulala katikati ya mazungumzo ya watu. Nilisikia Salehe akisali, nilisikia Bi Mwanakombo akigombana na paka, nilisikia jirani yake Bi Zuhura akileta habari za mtaa pamoja na ungo wa mchele wa kuchambua. Baadaye nilianza kuyahitaji maneno yale ili nipate usingizi.

Na harufu. Nyumba nzima ilinukia ubani. Bi Mwanakombo alikuwa na chetezo cha udongo kilichovunjika mguu mmoja, alichokiegemeza kwa jiwe, na juu ya makaa yake alidondosha punje za ubani, akafunika mtungi mtupu kichwa chini mpaka ukajaa moshi. Kisha hutia maji upesi kabla moshi haujatoka. Ndivyo wafanyavyo watu wa pwani wanaojiheshimu, na maji yale huteremka kooni na kitu kama utulivu. Mtungi wa nyumba aliufukiza mara mojamoja. Chombo cha mgeni alikifukiza kila siku. Mimi, hata nilipokuwa nimekaa miezi, nimejua kula bada, ule ugali wao wa muhogo, kwa mchuzi wa papa bila kufundishwa, na Bi Zuhura amenizoea hata kunituma sokoni, nilibaki kuwa mgeni katika jambo hilo moja. "Maji yasiyofukizwa," alikuwa akisema Bi Mwanakombo, "ni ya kunyweshea mbuzi."

Kazi yetu ilikuwa kupima ukakasi wa magome. Magome ya mikoko yalikuja kwa mashua kutoka vijito vya kaskazini, magome ya miwati yalishuka kwa malori kutoka kwetu milimani, na wanunuzi wa Ulaya walitaka kujua kabla ya meli kupakiwa ni yapi yenye ukakasi mwingi, maana huo ndio unaogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu. Tuliyasaga, tukayachemsha, tukachuja maji yake mekundu kama chai ya rangi. Tukayatia nili kidogo yakawa buluu. Halafu, kutoka bomba la kioo lenye alama na bilula chini, tukadondosha tone kwa tone ile dawa ya zambarau ambayo watu huoshea vidonda. Ukakasi huila ile zambarau. Ukakasi ukishakwisha, buluu inageuka kijani, kijani kinageuka manjano ya dhahabu, nawe hapo unafunga bilula na kusoma. Zambarau ikienda nyingi, ukakasi ni mwingi. Nilikipenda kitendo kile. Hata leo nikiona kitu cha buluu kinaanza kuingia ukijani, vidole vyangu vinatafuta bilula.

Ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo palikuwa na kichupa cha kahawia chenye unga mweupe kutoka Ulaya, asidi safi ambayo nguvu yake ilijulikana. Kila dawa mpya ilipotengenezwa ilipimwa kwanza kwa unga ule. Salehe aliuita imamu, kwa kuwa vipimo vingine vyote vilisimama nyuma yake, na mimi Mlutheri nikauita imamu vilevile. Mjukuu wangu yuko chuo kikuu siku hizi, anapima majani ya mlonge na unga wa ubuyu, anasema vina vitu vinavyouzuia mwili usishike kutu. Alinifungulia kabati lake nikaona kichupa cha kahawia, unga mweupe, asidi ileile. Nilicheka hata akaniuliza kama ninaumwa.

Mkemia wetu alikuwa Mzungu mrefu aliyekaa pwani miaka mingi. Mji mzima ulimwita Bwana Magome, na nadhani alijua. Hakuwa mtu mbaya. Alivuta kiko tangu asubuhi mpaka anafunga mlango, hakupiga kelele, na hakupenda kitu chochote duniani kama alivyopenda vipimo viwili vinavyolingana. Mimi nilikuwa katika mwaka wa kujaribiwa. Nikifaulu, nitaandikwa kazi; nikishindwa, nitapanda lori kurudi kubandua magome ya miwati na wenzangu niliowaaga kwa mbwembwe. Sikuwa na mipango mingine. Usiku niliomba Mungu juu ya jambo hilo moja tu.

Basi masika yalipoanza, mtambo wetu wa kutengenezea maji safi ukaungua. Kifaa chake kilipaswa kuja kwa meli, na meli haina haraka ya mtu. Bwana Magome akaamua tutumie maji ya mvua, yaliyokingwa moja kwa moja kutoka mbinguni, yasipite juu ya paa. Uani kwetu palikuwa peupe, hivyo kazi ile tukapewa sisi. Tulikinga kwa beseni kubwa la aluminiamu, asubuhi tukachuja kwa kitambaa cheupe na kujaza chupa mbili kubwa za kioo zilizosukiwa vikapu, moja ya Salehe, moja yangu yenye utepe mwekundu shingoni. Jioni tulizirudisha tupu, tukaziinamisha kichwa chini uani zikauke. Bwana Magome aliyapima maji yale siku ya kwanza, akayaona safi, akasema yanafaa. Baada ya hapo hakuna aliyeyapima tena.

Kisha vipimo vyangu vikaanza kupanda. Si kwa kiasi cha kuchekesha, bali kwa kiasi cha kutia shaka. Na kwa bahati mbaya Salehe alikuwa amepewa mikoko, mimi nikapewa miwati, magome ya watu wa kwetu. Bwana Magome alisimama nyuma yangu siku moja, kiko mdomoni, akitazama namba. "Miwati yenu imepata nguvu mwaka huu," akasema. Nikadhani ananisifu. Salehe, aliyemjua zaidi, akainamisha uso.

Kesho yake Bwana Magome akafungua kabati mwenyewe. Akapima unga wa imamu kwa mikono yake, akampa Salehe kidogo katika karatasi, akanipa mimi kiasi kilekile. "Yeyusheni, pimeni, msiambiane." Salehe akapata kile kilichowekwa. Mimi nikapata zaidi. Akanirudisha nipime tena, nikapata zaidi tena. Akatoa kiko mdomoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Hapa umepata kuliko nilivyoweka. Asidi haizai, Zakaria."

"Nimesoma nilichokiona, Bwana."

"Asiyejua kupima, nitamfundisha. Anayeandika anachokitaka, kwa ajili ya magome ya kwao, huyo simwezi. Sijui wewe ni yupi. Ijumaa mtapima tena mbele yangu."

Kuambiwa hujui ni jambo moja. Kuambiwa mwongo ni jingine, na mwenye kunidhania uongo alikuwa mtu niliyemheshimu. Siku zilizofuata niliosha vyombo mpaka mikono ikachubuka. Nilibadilisha bomba, nilitengeneza zambarau mpya, nilipumua kando ili pumzi yangu isiingie. Kipimo kilipanda vilevile. Nyumbani sikula. Bi Mwanakombo aliniwekea mihogo ya nazi, akairudisha jikoni baridi, akaniuliza kama nimeota vibaya. Nikasema kichwa tu.

Jioni moja kabla ya magharibi nilikuwa nimejilaza chumbani. Bi Zuhura akaja na ungo wake, wakakaa uani yeye na Bi Mwanakombo, na maneno yao yakapanda juu ya ukuta yakanishukia.

"Kijana wako wa milimani mbona kapoa hivi? Nimemtuma limau, hata hakunijibu utani."

"Miye nijue nini, yakhe. Chakula hali. Wallahi nishamfanyia yote. Hata chupa yake ile aendayo nayo kazini naifukizia kila jioni, ubani mzuri, na udi kidogo juu yake, nikaiziba isitoke moshi."

"Na ya Salehe?"

"Ya Salehe naisuza tu, Salehe si wa hapa hapa? Lakini huyu mtoto wa watu. Aende mbele ya Mzungu na maji yanayonuka chupa, waseme Mwanakombo kamlea mgeni kama paka?"

Niliinuka nikakaa. Nilijinusa shati, nikanusa mto. Sikusikia kitu, kwa kuwa pua yangu ilikwisha kuzoea ubani kama vile sikio linavyozoea saa ya ukutani. Moshi. Moshi ulioshika kwenye kioo ukaingia majini, nao uliila zambarau kama ukakasi ulivyoila. Nilikuwa napima magome na nampima Bi Mwanakombo pamoja nayo.

Salehe aliporudi kutoka msikitini nilimvuta chumbani, nikamwambia kwa kunong'ona. Alijifunika uso kwa mto wangu akacheka hata kitanda kikalia. Kisha akautoa mto usoni.

"Mama usimwambie."

"Nitamwambiaje? Nimwambie ubani wake unanifukuzisha kazi?"

"Utakuwa umemwambia maji yake machafu. Hatakujibu neno. Atakivunja kile chetezo, na hatampokea mgeni tena maisha yake. Namjua."

"Na Bwana Magome je?"

"Huyo ukimwambia, atacheka, atawasimulia wenziwe, na boi atakayewapelekea chai atalifikisha sokoni kabla ya adhuhuri. Mama atalisikia kwa muuza samaki."

Nilibaki njia panda. Kilichokuwa mbele yangu kilikuwa mkate wangu na jina langu, na nyuma yangu alikuwapo mwanamke aliyenifukizia maji kila jioni kwa kunipenda. Nilimwambia Salehe kwamba nikilazimika nitapanda lori, lakini sitamtia haya mama yake. Sijui kama ningeweza. Namshukuru Mungu sikujaribiwa mpaka huko, kwa kuwa mwishowe Salehe alisema, "Ijumaa uniachie miye."

Ijumaa, Bwana Magome alipogawa unga, Salehe akasema, "Bwana, naomba leo mimi nitumie maji ya Zakaria, naye atumie yangu." Bwana Magome akamtazama, akaridhia. Tukapima. Mimi nilipata kile kilichowekwa, sawasawa kabisa. Salehe alipata zaidi. Bwana Magome akachukua bilauri mbili, akatia maji ya chupa yangu yenye utepe katika moja na ya chupa ya Salehe katika nyingine, bila magome, bila imamu, nili tu, akaanza kudondosha zambarau. Bilauri ya Salehe ikageuka manjano upesi. Yangu ikabaki buluu, ikala tone, ikala jingine.

"Maji yenyewe yanakula," akasema polepole. Akainua chupa yangu akainusa, lakini pua ya mvuta kiko haina habari. "Humu kumeingia nini?"

Salehe akasema kwa adabu kubwa, "Labda moshi, Bwana."

Bwana Magome akatazama kiko chake. Kisha akatazama dirisha lililokuwa kando ya meza yake, ambapo chupa yangu ilikaa kila siku tangu maji ya mvua yaanze. Uso wake ukawa mwekundu kama maji ya mikoko. Akakizima kiko, akakitia mfukoni kingali na joto. "Kuanzia leo," akasema, "mtu yeyote asivute humu ndani." Hapakuwa na mtu mwingine aliyevuta humo. Akanipa mkono, akasema, "Nilikudhania vibaya," na tangu siku ile kila asubuhi maji yakapimwa kabla ya imamu. Salehe alitembea haraka kwenda sala ya Ijumaa ili acheke mbali.

Ilibaki chupa. Jioni hiyo tulikuwa tunakula, Salehe akasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Mama, chupa ya Zakaria usijisumbue nayo. Maji yale si ya kunywa, ni ya kuoshea vyombo tu."

Bi Mwanakombo akasimamisha mkono juu ya sahani. "Ya kuoshea vyombo?"

"Ee, mama."

Akanitazama kitambo, mimi nikatazama bada. "Pole mwanangu," akasema. Akanyanyua kichwa cha samaki changu, ambacho katika nyumba ile kilikuwa haki ya Salehe tangu baba yake afariki, akakiweka kwenye sahani yangu.

Kikawa changu tangu siku ile. Salehe alilalamika, akaambiwa afunge mdomo. Tulipokuwa peke yetu tulicheka sana: mama anamhurumia Zakaria, anadhani Wazungu wamemfanya mwosha vyombo! Mwaka mzima aliniuliza nikirudi, "Vyombo vya leo vilikuwa vingi?" Nami nikajibu, "Vingi kiasi, mama," huku Salehe akikohoa. Nilipoandikwa kazi alipika mkate wa kumimina, akatuma vipande kwa majirani, na kumwambia Bi Zuhura kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Alhamdulillahi, kijana wangu wamemtoa kwenye vyombo." Nilihamia kwingine mwaka uliofuata, nikapanda vyeo, nikaoa. Alipokufa nilikuwa masomoni mbali, sikumzika.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyakumbuka pale mkekani, na glasi yangu isiyo na harufu mkononi. Watu walipopungua baada ya laasiri nilimwita Mwanakombo mdogo. Nilitaka kufanya utani, lakini maneno yalitoka na uchungu ndani yake.

"Mwanangu, siku hizi nyumba hii haimfukizii mgeni maji?"

Alinishangaa. "Baba, ni weye tu usiyefukiziwa. Ni wasia wa bibi. Alisema, mwenzake baba yenu kutoka milimani akija, maji yake yasiguswe na moshi. Akasema, ubani wangu nusura umfukuzishe kazi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nani alimwambia?"

Akainua macho kwenye ukuta, pale unapokomea, na upepo unapopita. "Alikuwa chumba cha pili, anakunja nguo. Aliwasikia mkinong'ona, mwanzo hadi mwisho. Alisema alilia, kisha akajiambia, wanangu wamenisitiri, na miye nitawasitiri. Baba alipomletea habari ya vyombo, akaipokea."

"Na kichwa cha changu?"

"Alisema hakupata kingine cha kukulipa."

Nikamuuliza kama Salehe alijua. Akatikisa kichwa. Bibi yake alimwambia yeye peke yake, siku za mwisho, na kumwapisha asimwambie baba yake, maana Salehe angeona haya. Basi Salehe alikufa akiamini kwamba alimdanganya mama yake kwa wema. Miaka yote ile tulicheka sisi wawili, na Bi Mwanakombo chumba cha pili alikuwa akitusikia tunavyocheka. Nililia hapo, mbele ya mtoto wa rafiki yangu, sikujificha. Yeye akakaa karibu nami mpaka nilipomaliza, kisha akanyoosha mkono kuchukua glasi.

"Usiiondoe," nikamwambia. "Nenda ukanitilie ya gudulia."

"Yana ubani, baba."

"Najua. Sina tena kazi ya kufukuzwa, mwanangu. Nitilie."

Akaenda, akarudi nayo imejaa, nikanywa yote.